Muziki wa Kuandika Jina

Bora alikuwa na miaka arobaini na moja aliposikia tena muziki wa aina ile, na mkononi alishika mfuko wa zipu na nyuzi nyeusi.

Alikuwa mshonaji katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Kibanda chake kilikuwa kwenye njia ya kwenda kanisani, na hakuna kwaya kambini ambayo hakuwahi kuipima mabega. Siku hiyo alikuwa amepata karatasi ya ruhusa ya kwenda mjini, akapeleka sare za kwaya moja ya mtaa wa Kauma, kisha akashuka sokoni Lilongwe kununua vifaa. Nyuma ya soko kulikuwa na duka la kompyuta zilizotumika. Mlango ulikuwa wazi, na sauti ilitoka humo: nyembamba, kali kidogo, ikipanda na kushuka mbio mbio, na chini yake besi ikigonga. Haikuwa kinanda wala gitaa. Bora akasimama.

Ndani, mwanamume mwenye miwani alikuwa amefungua kompyuta, anaisafisha kwa brashi.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Ile muziki. Inatoka ku nini?"

Mwanamume akacheka. Jina lake Sinzinkayo, Mrundi aliyeoa Lilongwe na kukaa hapo miaka mingi. "Hiyo ni ya michezo ya kompyuta ya zamani, mama. Miaka ya themanini huko. Mimi hata siichezi. Nasikiliza tu nikifanya kazi."

"Ata mi sikuchezaka," Bora akasema. "Nilikuwa nasikiliza."

Sinzinkayo akaweka brashi chini, akamsogezea kiti.

Bora akamweleza. Walikuwa wanakaa Bukavu, baba yake akiwa mtunza ghala wa parokia. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia baba kompyuta yake: kibodi nene unayoichomeka kwenye televisheni, na kaseti za michezo. Ukitaka kucheza, unatia kaseti, unangoja, na inaweza kugoma ukaanza upya. Mchezaji alikuwa Fabien, kaka yake mkubwa, aliyemwita Yaya. Bora alikaa nyuma yake na ungo wa maharage, akichambua. Nani anakimbizwa, nani anaanguka shimoni, hayo hayakumhusu. Alichotaka ni ile sauti.

"Yaya, usitembee kwanza," alikuwa akimwomba. "Acha iimbe."

Fabien alinung'unika, lakini alimsimamisha mtu wake wa mchezoni kidogo kabla adui hajafika.

Kati ya nyimbo zote, kulikuwa na mmoja uliokuja mara chache. Siku nyingine ulikuja, wiki nzima usije. Bora hakujua ulikuwa wa mchezo gani. Mwaka wa tisini na sita vita viliingia mjini, wakakimbia. Waliporudi baada ya wiki tatu hawakukuta televisheni, hawakukuta kompyuta, hata milango ilikuwa imeng'olewa. Miaka ikaenda. Baba akafariki, Bora akaolewa, vita vikarudi tena na tena, hadi siku alipofika Malawi na mumewe, binti yao Bénie akiwa mgongoni. Wimbo ule aliendelea kuuimba kwa midomo iliyofungwa, akiwa anakanyaga cherehani.

"Uimbe, nisikie," Sinzinkayo akasema.

Bora akaona haya. Kulikuwa na mteja anachagua waya. Lakini akaimba, kwanza chini chini, halafu kwa sauti yake ya kwaya. Sinzinkayo akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Siujui. Lakini ninazo maelfu. Kuna watu huko nje wanaozipenda kama sisi, wamezikusanya zote. Wimbo mmoja ni mdogo kuliko picha moja ya simu yako." Akamgeuzia kompyuta. "Sikiliza vizuri. Kompyuta ile ilikuwa na sauti tatu tu. Tatu! Mtunzi akitaka sauti nne, anafanya nini? Anairusha moja huku na huku haraka, sikio linadanganyika."

Bora akatega sikio. Ni kweli. Sauti moja ilikuwa inafanya kazi ya watu wawili, kama yeye siku za kuelekea Noeli.

Sinzinkayo akamjazia kadi nyimbo mia nne. Aliporudi Dzaleka, Bora aliitia kadi kwenye redio yake ndogo, akaiweka juu ya dirisha la kibanda.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Marguerite, mama aliyetoka Fizi kule Kongo na kuuza mandazi mlango wa pili.

"Mama Bénie, redio yako inagonjwa?"

"Iko muzima. Njo vile inaimbaka."

"Inalia sawa simu ya kuchezea ya mutoto."

Bora aliendelea kushona. Alikuwa na raha yake. Nyimbo zile zilikwenda na mguu wake kwenye cherehani kama zilizotungwa kwa ajili hiyo. Nyingi zilikuwa na majina asiyoweza kuyatamka, hivyo akazipa yake. Kulikuwa na wimbo wa Kukunja Kola. Kulikuwa na wa Mvua, uliodondoka kama matone tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja ulianza vibaya kiasi kwamba aliuruka wiki mbili, kisha siku moja mikono yake ilikuwa imejaa kitambaa, ukajiendea mpaka katikati, na katikati yake ikawa nzuri kuliko zote. Baada ya hapo hakuruka tena wimbo.

Mwezi wa pili wa nyimbo hizo Marguerite alichungulia dirishani. "Mama Bénie, weka kwanza ile ya kupanda ngazi."

"Ngazi gani?"

Marguerite akauimba, mkono wake ukipanda hewani, unga kwenye vidole.

Lakini kwenye nyimbo mia nne, ule wa Bukavu haukuwemo. Ndipo Bora akamfikiria Fabien.

Kaka yake alikuwa mwalimu mjini Kalemie. Walipendana, ila kwa miaka mingi simu zao zilikuwa za matangazo tu: fulani amefariki, fulani yuko hospitali, tuombeeni. Bora akiona jina la Fabien kwenye simu, alijiuliza ni nani tena kabla hajapokea. Bila shaka na yeye Fabien alikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Bora alianza ujumbe wake wa sauti kwa kusema, "Yaya, hakuna mutu amekufa." Halafu akaimba.

Fabien hakuandika. Alipiga.

"Weee, Bora! Ile umeitoa wapi?"

"Iko mu kichwa yangu. Ilikuwa ya mchezo gani?"

"Ile haikuwa ya kucheza! Ile njo muziki ya kuandika jina. Ukipata pointi mingi sana, mashini inakuuliza jina, inakungoja. Ni ule mchezo wa mutu wa kuchimba almasi na taa ku kichwa."

"Aaa! Njo maana haikuwa inakuja kila siku."

"Ilikuwa inaomba herufi tatu tu. Mi naandika moja, nangoja. Naandika ya pili, nangoja. Nilijua we iko nyuma yangu unasikiliza."

Bora hakuwahi kulijua hilo. Waliongea mpaka salio likaisha, na katika maongezi yote hawakutaja mgonjwa hata mmoja.

Kwa maelezo ya Fabien, Sinzinkayo hakutafuta zaidi ya siku mbili. Wimbo ukaingia kwenye simu ya Bora adhuhuri moja, pasipo jina la mtunzi. Aliweka kando kitambaa na mawazo ya kazi, akaketi, akabonyeza.

Ulikuwa wenyewe. Sauti ya juu ilipanda, ikazunguka mara mbili, besi ikaifuata. Halafu ukarudi mwanzo. Ukapanda tena, ukazunguka, ukarudi mwanzo tena. Bora akangoja sehemu ya pili, ile inayoshuka taratibu, aliyoipenda kuliko yote. Haikuja.

Akampigia Sinzinkayo. "Papa, umeikata?"

"Sikuukata, mama. Nimeangalia faili lote. Ndio huo, sekunde kumi na moja, unajirudia."

Akampigia Fabien, akamwimbia sehemu ya pili peke yake.

"Ile?" Fabien akasema. "Ile haikuwa mu mashini. Ile ni we ulikuwa unaimba, ukichambua maharage. Ulidhani ni nani?"

Alasiri hiyo Bora hakushona vizuri. Mwanzoni alihisi kama mtu aliyefuata mzigo wake mbali akaambiwa nusu yake haikuwahi kupakiwa. Alifumua mkono mmoja wa nguo mara mbili. Halafu akauwasha wimbo, sauti tatu za kompyuta zikaanza, na zilipotaka kurudi mwanzo yeye akaendelea mbele kwa mdomo wake. Zilikubaliana. Akarudia.

Rodrigue, mpiga kinanda wa kwaya yao, alikuwa amefika kuchukua joho lililoshonwa upya kiunoni. Alisimama mlangoni bila kubisha.

"Ile ni ya nani, Mama Bénie?"

"Nusu ni ya mutu sijui. Nusu ni yangu."

Rodrigue akacheka, kisha akaona kwamba Bora hatanii. Akamwomba auimbe wote, akaurekodi. Jumapili iliyofuata, watu walipopeleka sadaka, Rodrigue alipiga wimbo ule kwenye kinanda cha kanisa, ameulegeza mwendo. Watu walipita mbele, wakaweka, wakarudi. Hakuna aliyegeuka. Marguerite peke yake alimgusa Bora kiwiko. Bora alikuwa amekunja uso, na ibada ilipokwisha alimfuata Rodrigue moja kwa moja.

"Mwanzo iko muzuri. Lakini pale pa kushuka unakimbia. Unakimbia unaenda wapi?"

Walikaa kwenye benchi la mbele wakaurekebisha, watoto wakifagia chini ya miguu yao. Tangu siku hiyo Bora huweka simu karibu na mkasi. Kipande cha wimbo kikimjia, anakiimba humo kabla hakijapotea, na ameshapeleka kwa Rodrigue viwili. Cha tatu bado kinamsumbua, kwa sababu kina sauti nne, na mdomo anao mmoja.