Kamba ya Ndege ya Ngolo

Watu wa Bunda walimcheka mjomba wangu Ngolo, nami nilicheka nao, maana nani mwenye akili zake anafunga ndege kando ya zizi la ng'ombe? Ndege hiyo aliachiwa na Mzungu mmoja wa kunyunyizia pamba dawa kutoka angani, aliyeondoka mara baada ya Uhuru. Injini ilikuwa imekufa, kitambaa cha mabawa kimechanika, na kuku wa mkewe Bhoke walitagia kwenye kiti cha rubani. Upepo wa ziwani ukivuma, mjomba aliikaza kamba yake ya katani huku akiibembeleza kama ndama.

Mwaka 1974 tukaamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Ng'ombe watatembea, mabati yatabebwa. Ndege je? Wanunuzi wa vyuma chakavu walitoka Musoma, wakaigonga ubavuni, wakasema itatoa sufuria nzuri. Mjomba aliwafukuza. Kitu kilichozoea angani, alisema, hakiwezi kuishia mekoni. Bhoke akamwambia kichwa chake ni kigumu kuliko hiyo injini.

Kisha akaja Leodgar, fundi wa ndege kutoka Mwanza. Huyu hakugonga kitu. Aliwatoa kuku polepole, akaingia, akajaribu usukani. Aliposhuka aliahidi kuitengeneza mpaka iruke. Mjomba, ambaye akiuza ng'ombe huficha hata kilema kinachoonekana, alimweleza ubovu wote bila kuulizwa. Wakakubaliana bei.

Mabawa yalifunguliwa, ndege ikapandishwa kwenye lori la pamba. Ikawa inayumba. Leodgar akaomba ile kamba, na hapo mjomba akaishika kwa mikono miwili. Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba hubaki nyumbani, baraka ya zizi isije ikaondoka naye. Nilimwonea huruma.

"Mimi sijawahi kuuzaga mnyama na kamba yake," alisema mwishowe. "Hii nakuazima tu. Siku ikiruka, unirudishie."

Akaifunga mwenyewe.

Tulihamia kijijini. Pamba ikavunwa, ikapandwa tena, Leodgar kimya. Tukamtania mjomba kwamba ahadi za mafundi tunazijua. Ajabu, Bhoke ndiye aliyekuwa akitujibu kwa ukali.

Siku moja konda wa basi la Mwanza alishusha kifurushi. Hakikuwa na barua. Ndani mlikuwa na kamba, imekunjwa vizuri, inanuka petroli. Mjomba aliinusa, akampa Bhoke naye ainuse. Kisha akaenda kuifunga kwenye nguzo ya zizi jipya, analia mbele ya watu wote, na sisi tuliomcheka tukamshikia nguzo.