Namba Chini ya Picha

Nilirekodi mkutano wa ardhi kijijini Nyangoto, kisha nikakata maneno ya shemeji yangu, aliyekiri kusogeza mpaka. Siku ya kuwaonyesha wanakijiji video, nikagundua nimesahau kuondoa namba za muda wa kurekodi chini ya picha. Kuna wahandisi wa filamu, sijui wa wapi, waliokubaliana kwamba kila picha ibebe namba yake. Niliwalaani wote.

Mzee mmoja mfugaji hakutazama nyuso. Alifuata zile namba kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.

“Rudisha.”

Nikarudisha.

“Baada ya dakika ya kumi na mbili imekuja ya kumi na saba. Nne ziko wapi?”

Wa kwanza kuninyooshea kidole alikuwa shemeji.