Bomba la Hewa Juu ya Nyumba ya Oluoch

Sauti ya kwanza ninayokumbuka ni kikohozi cha mama yangu, na ya pili ni kikohozi cha nyumba yetu. Msicheke. Ile nyumba ilikuwa inakohoa, na kama kuna mtu wa Kebirigo anayebisha, aje anibishie hapa usoni, kwa sababu wengi wao walisimama barabarani wakaisikia, halafu wakajifanya wanatafuta kitu walichoangusha. Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele hayajarudi, wakati ule wa vita kuu ya pili. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na watu waliokuja sokoni walitokea ndani yake kwanza miguu, halafu mzigo, mwisho uso. Sisi hatukuwa wenyeji wa hapo, kwenye vilima vya Wagusii. Tulikuwa Wajaluo, watu wa ziwani, na watoto wa sokoni waliniita "Samaki" mpaka nilipompiga mmoja wao kwa mwiko, wakaacha.

Baba yangu, Oluoch, aliwahi kufanya kazi kwenye meli za Kisumu, chini kabisa katika chumba cha injini, kabla hajajifunza kushona na kupanda vilima kutafuta wateja. Alijenga nyumba moja ya duara, paa la nyasi. Mbele palikuwa na cherehani na meza ya kupigia pasi. Nyuma, baada ya ukuta wa matete, kitanda chao na mkeka wangu. Pasi ilikuwa ya makaa, na jiko lilikuwa humo humo kwa sababu mvua ya kule haina adabu. Mchana jua likichoma na makaa yakiwaka, ndani palikuwa kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Mama alikuwa na pumu. Alishika mguu wa cherehani, mabega yakipanda na kushuka, akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kisimani na ndoo haifiki. Siku moja midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Baba aliisahau pasi juu ya suruali ya mteja mpaka kitambaa kikatoa moshi. Alipoishika tena aliitupa nje na makaa yake yote, akasema, "Mama Akinyi hatakufa kwa kukosa hewa, na hewa imejaa hapo nje!"

Akinyi ni mimi. Basi baba akakumbuka meli. Alituambia kwamba juu ya meli kuna mabomba makubwa yenye midomo mipana kama tarumbeta, yaliyoinama kuelekea upepo. Upepo ukiingia pale mdomoni unashuka mpaka chini kwa watu wa injini, nao wanapoa, wanapumua. Akamwita fundi wa bati, Mgusii mmoja aliyeitwa Nyakundi, mtu mrefu mwenye kucheka ovyo, akamchorea bomba hilo kwa chaki ya ushonaji. Nyakundi alipasua mapipa ya mafuta, akayakunja, akayaunga. Walilifunga kwanza ubavuni mwa paa. Paa likavuja, na hewa haikuingia hata ya kutikisa uzi, maana miti ya jirani ilikinga upepo wote. Nyakundi akarudi nyuma mpaka barabarani, akatazama juu.

"Hapo kileleni tu ndipo pana upepo," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Lakini pale pana kile kijiti chenu."

Kijiti hicho sisi tunakiita osuri. Mwanamume wa Kijaluo akijenga, kinasimama kwenye ncha ya paa, na ukikiona unajua mwenye nyumba yupo. Akifa ndipo kinang'olewa. Mtu anayepita mbali, hata bila kuambiwa neno, akiona paa halina kijiti anavua kofia. Ndiyo maana mama, ambaye siku ile hata maneno mawili yalimchosha, alitambaa mpaka mlangoni.

"Baba Akinyi, usi... usikiguse. Nitavumilia."

"Utavumilia nini? Wewe unavumilia kufa."

"Hata kwetu Wagusii," akasema Nyakundi, "kitu cha juu ya paa hakichezewi. Mimi nitafunga bati. Kijiti sitoi. Nina watoto."

"Na mimi sina?" Baba alikuwa tayari ameshika ngazi. "Kinatolewa na wengine kwa sababu mwenyewe ameshakufa. Nikikitoa mimi, kimetolewa na mtu mzima mwenye afya. Kuna shida gani?"

Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, na mpaka leo sijui ni wapi alikosea. Alipanda. Kijiti kiligoma, kama jino, kisha kikatoka nusu. Nusu nyingine ilivunjikia ndani ya nyasi na hawakuipata. Sokoni mtu mmoja alipiga yowe fupi, akajiziba mdomo. Mwalimu wa kanisa alikuwepo, akasema kwa sauti kwamba ni kijiti tu, Wakristo wasiogope. Lakini hata yeye, tangu siku ile, alipitia njia ya nyuma.

Bomba likasimama. Nilipewa kazi ya kushika kamba iliyoning'inia ndani na kuugeuza ule mdomo ufuate upepo, na nakumbuka mara ya kwanza kamba ilivyonivuta mkono, taratibu, kama mtoto anayetaka kukuonyesha kitu. Hewa ikashuka. Ilikuwa baridi, ilinuka majani mabichi na mvua ya mbali. Moshi ulijikunja ukatoka kupitia mlangoni. Mama aliketi chini ya bomba, akafunga macho, na kile kifua chake kikashuka, kikatulia. Alipumua. Baba aligeukia ukuta ili tusimwone analia. Na huko juu, ndani ya bati, kitu kikakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha mama, kile kikavu chenye kuishia kwa mluzi; ningekijua popote. Mama alifungua macho akanitazama. Kuanzia hapo yeye hakukohoa tena, na nyumba ikakohoa badala yake kila upepo ulipobadilika.

Hatukujua kwamba mchuuzi wa samaki aliyepita siku ile alikuwa amerudi ziwani na habari ya paa lisilo na kijiti. Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nafagia mbele ya nyumba niliposikia watu wengi wakilia ndani ya ukungu. Kilio kilipanda kutoka bondeni bila watu. Kisha ikatokea miguu, halafu ng'ombe mmoja amefungwa majani shingoni, halafu uso wa baba mdogo Ouma, mdogo wake baba, umepakwa majivu. Alitazama kilele cha nyumba. Alipoona hakuna kijiti alijitupa chini, wote wakajitupa, wakaita jina la baba yangu, wakisifu mikono yake na ukarimu wake. Baba alitoka na tepu ya kupimia shingoni.

"Ouma. Mnamlilia nani?"

Kilio kilikatika kama uzi. Baba mdogo alimtazama kaka yake kutoka miguuni kwenda juu, na badala ya kufurahi, akarudi nyuma hatua moja. Mkewe, aliyekuwa na mimba kubwa, alijifunika tumbo kwa mikono yote miwili.

Niliruka katikati na ufagio wangu. "Baba hajafa! Nani amesema? Mguseni muone! Mguseni!"

Hakuna aliyemgusa. Shangazi mmoja aliweka kibuyu cha maziwa chini, mbali kidogo, akakisukuma kwa kidole kuelekea kwake. Baba mdogo akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "Tumeshakulilia, ndugu yangu. Njia nzima tumekulilia. Sasa unataka tufanyeje?" Baba akacheka. Alicheka peke yake, kwa muda mrefu, halafu akaona kwamba yuko peke yake.

Mke wa baba mdogo alijifungua mtoto wa kiume. Alisema alimwota baba yangu amesimama mlangoni na tepu shingoni, akiomba jina. Kwetu, wanaokuja ndotoni kuomba jina ni wale walioondoka. Wakamwita mtoto Oluoch. Tulipoteremka ziwani kwenye sherehe ya ukoo, fahali alichinjwa na nyama ikagawiwa kwa majina. Walipofika kwa Oluoch, baba alinyoosha mkono. Nyama ikapita. Wakaiweka kwenye kiganja cha kile kitoto kilichokuwa mapajani mwa mama yake, nacho kikafunga vidole, kikakohoa kidogo kusafisha koo, ehem, vilevile kama baba anavyofanya kabla ya kutaja bei ya suruali. Nilitaka kurusha mawe. Mama alinishika. Alikuwa na nguvu wakati huo, mkono wake ulikuwa chuma, na pumzi yake shingoni mwangu ilikuwa laini, imekamilika. Baba alishusha mkono wake, akaufuta kwenye suruali kana kwamba umeshika kitu.

Sasa mimi ni mtu mzima, na mambo yamebadilika. Kebirigo imejaa mabati. Ukisimama kilimani unaona paa baada ya paa, yanang'aa, hakuna kijiti hata kimoja, na vijana hawajui kilikuwa cha nini. Mimi nikiyatazama, mgongo unanisisimka, kwa sababu nilifundishwa kuyasoma mapaa, na kwa macho hayo huo ni mji ambao hakuna mwenye nyumba aliye hai. Mjini Kisii kuna duka moja limefungiwa feni inayoendeshwa kwa injini, na watu wanasimama mlangoni kupigwa na upepo wa bure na kuulizana bei. Baba na mama wako bado pale pale. Mama amenenepa, anaimba akipiga pasi. Oluoch mdogo, kijana sasa, huja kututembelea, na baba humwita wajina na kumpa kiti chake. Yeyote atakayesema "marehemu" mbele yangu akimaanisha baba yangu, nitamng'oa meno, awe mzee au kijana.

Juzi alipita kijana anayejenga nyumba yake, amesikia habari za bomba letu. Aliingia, akasimama chini yake, hewa ikamshukia usoni, akatabasamu. "Mzee," akamuuliza baba, "mimi pia nataka kitu kama hiki. Iliwagharimu kiasi gani?"

Baba alimtazama mama, ambaye alikuwa anaimba. Akafungua mdomo ajibu. Huko juu, ndani ya bati, mtu akasafisha koo kwanza, ehem.