Kilo Zangu Kwenye Mizani ya Kahawa

Nilirudi kutoka Marekani na vitu vitatu ambavyo sikupewa na mtu: diploma ya lishe, nyumba ya mawe pale Skuta, mjini Nyeri, na kilo mia moja na kumi na nane. Diploma niliisomea nikifanya kazi mbili. Nyumba niliijenga nikiwa huko huko, na mpaka leo haina ufa. Kilo zilikuja zenyewe.

Mama yangu, mkulima wa kahawa Gakindu, alizifurahia kilo kuliko diploma. Jumapili ya kwanza alinizungusha mbele ya wanawake wa kanisa kama ng'ombe wa maonyesho.

"Mwoneni! Alitoka hapa mwembamba kama fito. Marekani imemkubali!"

Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi? Kule nilimtunza mzee mmoja tajiri, mzaliwa wa pale, mwembamba kuliko mama. Alikula maharagwe, viazi vitamu na mboga za majani, na kila asubuhi alitembea kwenye bustani iliyokuwa mlangoni pake. Kazi ikiisha, nilipanda basi hadi mtaa wetu, wa wageni pamoja na wazaliwa wasio na kitu. Huko mboga ilikuwa safari, na kuku wa kukaanga alikuwa kila kona. Sisi tuliofika wembamba, miaka michache ilitosha kutufananisha na majirani. Kule unene ulikuwa wa watu wa mtaa kama wetu. Nilishuka nao Nyeri, nikapokewa kama tajiri.

Mwezi wa pili, daktari mjini aliniambia sukari imepanda. Alinipa miezi mitatu nipunguze mwili, la sivyo nianze dawa za maisha. Nilitoka pale nikimwaza baba. Sukari ilimkata mguu kwanza, kisha ikammaliza.

La kufanya nililijua, ndiyo kazi niliyosomea. Lakini kwetu, mtu aliyetoka ng'ambo akianza kukonda watu husema mambo mawili tu: pesa imeisha, ama ana ugonjwa ule. Na kanisani aliyejivunia mwili wangu ni mama, si mimi.

Nilimwambia jikoni kwake, sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ikiwa mbele yangu. Hakulia. Aliichukua sahani, akarudisha nusu kwenye sufuria.

"Keshokutwa tunapeleka kahawa, baba," alisema. Huniita baba kwa kuwa nina jina la baba yake. "Kuja na viatu vya kazi. Gari utaliacha hapa."

Kutoka shambani hadi kiwandani ni mlima mtupu. Mama, mwenye miaka sabini na minne, alitangulia na gunia lake mgongoni, mkanda wa ngozi ukiwa umekaza kwenye kipaji cha uso. Mimi niliyekuwa nikiinua watu wazima wagonjwa kutoka kitandani nilipumzika mara tatu. Wanawake walinipita.

"Mwamerika, ngoja tushushe hizi turudi tukubebe!"

Kiwandani tulimwaga kahawa chini, tukachagua mbivu, tukapanga foleni ya mizani. Gunia letu lilipotoka, mama alimwambia karani, "Mpime na huyu."

"Mia na kumi na nane!" karani akapaza sauti. "Hii ni gredi ya kwanza!" Foleni nzima ikapiga makofi.

Ikawa desturi. Kila siku ya kupeleka kahawa nilipimwa baada ya gunia. Mia na kumi na nne, watu walicheka. Mia na tisa, walitabasamu. Siku karani aliposema mia na tatu, hakuna aliyecheka. Jirani mmoja wa kanisani alimsogelea mama, akanong'ona kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Pole, mami. Tutamwombea. Ni pesa iliisha, ama ni mwili?"

Mama aligeuka, alama ya mkanda bado imechoreka kwenye kipaji.

"Ni sukari. Ile ile ilimaliza baba yake. Huo unene niliwaonyesha kanisani ulikuwa ugonjwa, na mimi nikawaambia ni baraka. Nilikosea." Kisha akamtazama karani. "Wewe, soma hiyo kilo tena. Na usome kama ile siku ya kwanza."

"Mia na tatu!" karani akapaza sauti.

Mama akapiga makofi peke yake. Akaendelea kupiga mpaka yule jirani akaweka gunia chini, naye akapiga.

Nimepokea cheti mbele ya ukumbi uliojaa watu, na sikusikia makofi kama yale.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari aliangalia majibu yangu, akayaangalia tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Alisema dawa hatutazianza kwa sasa. Akaniuliza ni mtaalamu gani wa lishe aliyenisaidia.

Mtu yeyote anayenijua atakwambia diploma yangu siifichi. Iko sebuleni, ukiingia tu unaiona. Lakini siku hiyo nilimjibu, "Ni mama yangu. Anakaa Gakindu."