Mlezi Asiyemmalizia Mtoto Neno

Mlezi wa chekechea ya kijijini kwetu ana mikono minene inayonuka kitunguu, na hajawahi kummalizia mtoto neno. Mtoto akinyooshea sufuria kidole, yeye hushikilia upawa hewani na kungoja. "Supu haina miguu, bwana mkubwa. Iite ije." Hungoja hata ipoe. Zdravka, ambaye mwanawe Radoy alikuwa na miaka minne na hasemi, alimwona mwanamke huyo kuwa mkatili.

Mwezi Machi mmoja daktari alikuja chekecheani kumpima Radoy, mama yake akiwapo. Mtoto akishindwa, angepelekwa mjini, shule ya bweni ya watoto wasiosema. Akaonyeshwa picha ya paka, kimya. Ya mkate, kimya. Ya ndege korongo, akaanza kuhangaika na mkono wake. "Haelewi," daktari akasema, macho kwenye karatasi. Zdravka akafungua kinywa amsaidie mwanawe, lakini mlezi akamkamata bega. "Tulia, mama Radoy. Na wewe daktari, weka kalamu chini umtazame mtoto." Radoy alikuwa akifungua uzi wake mwekundu na mweupe, ule tunaowafunga watoto mkononi Machi mosi, wasiuvue mpaka wamwone korongo wa kwanza, ndipo wautundike kwenye mti uliochanua. Fundo lilikuwa gumu. Zdravka akanyoosha mkono alifungue. Bega lake halikuachiwa. Mwishowe uzi ukatoka, Radoy akauinua juu. "Mti," akasema. Alipoona watu wazima wamekaa tu, akakunja uso. "Mti! Twende!"

Daktari ndiye aliyetangulia kuchukua koti lake.