Siku treni ilipowahi Mpanda, fahali wa wageni akachinjwa bila Sheikh

Wakuu, heshima kwenu wa kanisani, wa msikitini na nyie msiosali popote. Humu hamna chai hata kijiko, niliyaona kwa macho yangu.

Ni miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa. Mimi mwalimu mpya wa shule ya msingi, nakaa kwa wazazi Majengo. Baba mzee wa kanisa, na rafiki yake mkubwa ni Sheikh wa mtaani kwetu.

Ikaja habari kwamba wageni kutoka Ulaya, Wakristo, Waislamu na watu wa mashirika, wanazunguka kuona dini tofauti zinavyoishi pamoja. Na Mpanda wanakuja!

Aisee, mtaa ulichangamka. Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri, Kiingereza cha chuo cha ualimu hatimaye kikapata soko.

Ila kulikuwa na neno. Redio ilikuwa inaleta habari za watu mijini kugombana kwa ajili ya mabucha ya nguruwe. Waumini wengine wakamwambia Sheikh anaenda kupigwa picha tu, halafu adharauliwe.

Baba akamwahidi mbele yao: tutakula sahani moja, na fahali utamchinja wewe.

Fahali alitolewa na Mzee Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe zake Kasokola. Kanisani hayupo, msikitini hayupo.

Sasa sikieni. Treni ya kutoka Tabora ilitakiwa kufika asubuhi, lakini nani Mpanda alikuwa anaiamini? Tukamwambia Sheikh aje mchana, atachinja taratibu.

Siku hiyo treni ikafika asubuhi kweli! Live bila chenga!

Honi inalia, watu wanagongana, sisi wenyeji tumekimbilia stesheni. Vijana wa kwaya kutoka makazi ya wakimbizi Warundi, waliotembea tangu alfajiri kuja kuimba na wasiojua ile ahadi, wakaona wageni watakaa na njaa. Wakamwangusha fahali, wakachinja.

Sheikh anaingia uani kwetu na waumini wake, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Anakuta ng'ombe anachunwa.

Wageni wako kwenye viti, wanatabasamu.

"Tulikwambia," muumini mmoja akamwambia Sheikh.

Baba hakutafuta kisingizio. "Sheikh, ahadi niliitoa mimi, na imevunjikia kwangu."

Nikajua Sheikh akigeuka pale, urafiki wa hawa wazee umekwisha, tena mbele ya watu waliosafiri kuja kuuona.

Mzee Masanja akasimama. "Mimi ng'ombe nilimtoa mkae pamoja. Kama anawatenga, msimpike. Gaweni mbichi, anayemtaka akale kwake."

"Basi hapa leo hakuna anayekula nyama," baba akasema. "Hata mimi."

Wakuu, nyama ya fahali mzima imelala pale, na kwaya ina njaa! Kijana mmoja alimeza mate nikamsikia. Lakini hakuna aliyebisha.

Jirani yetu Mama Zainabu, Muislamu, muuza migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, sokoni, alikuwa ameshatoka mbio. Akarudi na beseni la samaki wakavu wa Karema kichwani.

"Samaki hana wa kumchinja! Leteni sufuria!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Mama mmoja mgeni akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote. Akashangaa, akasema kwao wangeandaa meza mbili tu, kila mtu na chake, mambo yaishe.

Nikamtafsiria baba.

"Mwambie meza mbili ni za hotelini, Neema. Hapa nyumbani."

Sheikh akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. Akanawa, akakaa sahani moja na baba. Yule wa "tulikwambia" akajisogeza naye, akamega tonge. Ugali na migebuka, kwaya inaimba na midomo imejaa. Nilifurahi hadi nikasahau kutafsiri.

Mwaka uliofuata nikaolewa. Mzee Masanja akatoa fahali tena. Sheikh alikuwa safarini, treni ikachelewa kama kawaida yake.

Wageni wangu wananuna, mama mkwe ananiangalia, kisu hakuna aliyethubutu kukigusa. Baba amekaa pembeni ya fahali kama mlinzi wa benki.

Jioni Sheikh akaingia na vumbi lake la safari. Baba akampokea begi, akamkabidhi kamba ya fahali.

Nilichojifunza: kuishi pamoja siyo semina, ni kukubali kukaa na njaa kwa ajili ya jirani.

Haya, tiririkeni: kwenu kwenye sherehe anachinja nani, na mko tayari kumsubiri mpaka saa ngapi?