Sauti ya Pili Katika Ghala la Ruangwa

Kiongozi wa bendi yetu alikuwa na mapafu ya kuendesha garimoshi, ila masikio hakupewa. Alifika Nachingwea wakati mashamba ya karanga ya Wazungu yalipoleta watu wa kila namna, akajipatia tarumbeta, na tangu siku hiyo akajihesabu mwanamuziki. Sisi wengine, mimi na gitaa langu pamoja na wapiga ngoma wawili, tulitakiwa kumfuata tu. Mimi nilipaswa kupiga wimbo uleule aliopiga yeye, tena kwa nguvu.

Nilijifunza vingine dukani kwa Mhindi mmoja mwenye gramafoni. Nilikwenda kununua sabuni, nikasimama pale mpaka sabuni ikaanza kulainika mkononi. Katika santuri ya rumba mtu alikuwa anaimba, na chini yake gitaa lilikuwa na wimbo wake mwingine kabisa. Mwimbaji akivuta pumzi, gitaa linatembea. Mwimbaji akikimbia, gitaa linatulia. Hawakugongana hata mara moja. Kesho yake nilirudi bila haja ya sabuni.

Nikautungia wimbo wetu mkubwa sauti ya pili ya namna hiyo. Mazoezini bwana mkubwa alishusha tarumbeta.

"Unapiga nini wewe?"

"Nakujibu."

"Nani kakuuliza?"

Akacheka, na wapiga ngoma wakacheka, maana wale walicheka kila alipocheka. Tena nafasi ya kujibu hakuniachia. Kila wimbo ulipotaka kupumua, yeye aliujaza mbwembwe. Akasema tukienda kwenye harusi ya Ruangwa nikarudia upuuzi ule, nitafute bendi nyingine. Nachingwea nzima haikuwa na bendi nyingine. Gitaa langu lingekwenda kukaa darini na panya.

Harusi ilifanyika alasiri, katika ghala la ufuta. Wimbo wetu mkubwa ulipofika, nikapiga sauti yangu. Akanitazama, akatia tarumbeta kwapani, akatoka nje katikati ya wimbo. Nilifurahi. Niliendelea kupiga bila yeye, nikingoja watu waone mwenye muziki ni nani.

Watu waliacha kucheza. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake tangu asubuhi, akanisogelea.

"Mwanangu, mbona unaitikia tu? Aliyeimba yuko wapi?"

Hakunidhihaki, aliuliza kweli. Nikajisikiliza. Gitaa langu lilikuwa linaingia kwenye nafasi za wimbo ambao haukuwapo. Kumbe nilikuwa namhitaji zuzu yule.

Nilimkuta nyuma ya ghala akila pilau.

"Wameacha kucheza," nikamwambia.

"Nilijua."

"Basi rudi, bwana. Ila kila mwisho wa mstari nyamaza kidogo, watu wapate kukushangilia."

Aliacha kutafuna. Uso wote ukamnawiri.

"Hapo sasa umesema la maana."

Akarudi, akapiga mstari, akanyamaza, akainua kidevu akingoja makofi. Nikaingia. Akapiga wa pili, akanyamaza, nikaingia tena. Ghala zima likainuka, na yule mama akapiga kigelegele. Mpumbavu akainama kuwashukuru.

Tulipiga hivyo mpaka mashamba yalipokufa na yeye akarudi kwao. Aliondoka akiamini kwamba zile nafasi zilikuwa za kumshangilia yeye, nami sikumsahihisha. Gitaa likaenda darini vilevile. Baadaye nilisikia wapiga tarumbeta hodari kuliko yeye, na heshima kwake sikuwahi kuwa nayo, hata chembe. Lakini hadi leo nikilishusha gitaa lile, vidole vyangu vinakaa juu ya nyuzi vikimngoja amalize mstari wake.